Wazee Wetu na Upweke: Historia Isiyokuwemo Katika Daftari la Hisa

Ndugu msomaji, kurasa zilizotangulia zimekupa habari za fedha: hisa, mikopo, faini na gawio la kila mwaka. Sisi watatu tulioombwa na kamati kuandika ukurasa wa historia tulitegemewa tueleze nani alikuwa mwenyekiti wa kwanza, na lile sanduku la kufuli tatu lilitengenezwa na fundi gani. Hayo mnayajua, na picha mmeziona. Tumeomba ruhusa tuandike jambo jingine, ambalo halimo katika daftari lolote la kikundi ingawa limekaa nasi karibu kila kikao kwa miaka kumi. Jambo lenyewe ni upweke wa wazee.

Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 hapa Uyole, pale njia panda ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inaachana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Kwa hiyo tumechanganyika. Wapo Wasafwa wenye asili ya hapa hapa, wapo Wanyakyusa wa Rungwe, Wakinga wa Makete, na wapo Wahehe na Wabena waliokuja na waume zao au na biashara ya mahindi na viazi. Miongoni mwa waanzilishi alikuwepo bibi mmoja, mjane, umri wake sabini na kitu. Alinunua hisa moja tu kila Jumatano, ya shilingi 2,000, wala hakuwahi kukopa hata mara moja. Mwaka 2018 akaanza kukosa. Katiba yetu ilisema kwamba asiyenunua hisa vikao vinne mfululizo anaondolewa. Basi tukamwondoa. Hatukuona vibaya, maana sheria ni sheria, na kikundi kisichofuata katiba hakimalizi mwaka.

Mweka hazina na katibu wakampelekea fedha zake nyumbani ndani ya bahasha, pamoja na gawio lake mpaka shilingi ya mwisho. Bibi akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka ile bahasha juu ya kabati bila kuifungua. Halafu akauliza, "Sasa wanangu, Jumatano nitakuwa nakwenda wapi?"

Wale wawili walirudi kimya. Baadaye majirani wakatueleza kwamba bibi alikuwa akiuza ndizi na yai moja moja mpaka shilingi 2,000 itimie, na kuku walipokufa kwa kideri ndipo alipoanza kukosa. Kumbe sisi tulikuwa tunahesabu akiba yake, na yeye alikuwa analipa kiingilio cha kuja kukaa na watu.

Swali lake ndilo lililotufanya tuulize mambo ya zamani: hivi wazee wa nyanda hizi walianza lini kukosa mahali pa kwenda?

UPWEKE NA UKIWA

Kiswahili chetu kina maneno mawili, na si vizuri kuyachanganya. Mpweke ni aliye peke yake. Mkiwa ni aliyeachwa, hata kama nyumba imejaa. Mtu anaweza kukaa peke yake shambani kutwa nzima akiimba, asiwe mkiwa. Na mwingine amezungukwa na wajukuu saba, chungu kinachemka, kelele mpaka usiku, naye ni mkiwa kabisa kwa sababu hakuna hata mmoja pale ndani anayekumbuka mambo anayoyakumbuka yeye. Kwa kawaida msaada wa wazee hutazama nani anakaa peke yake na nani ana chakula. Ukiwa hauonekani kwa macho hivyo, na mzee mwenye heshima zake hawezi kuutangaza. Atakwambia mguu unauma.

Watu wengi husema kwamba zamani hakukuwa na jambo hili, eti limeletwa na televisheni na simu. Tulipokaa na kuulizana tuliona kwamba si kweli. Limeanza mbali zaidi.

RIKA LA WANYAKYUSA

Habari ya Rungwe imeandikwa vizuri, ndiyo maana tunaanza nayo. Kati ya mwaka 1934 na 1938 walifanya kazi huko mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, wataalamu wa mila na maisha ya watu. Walijifunza lugha na kuandika walichokiona. Godfrey alifariki mwaka 1944, na mwaka 1951 Monica, akiwa mjane, akatoa kitabu alichokiita Good Company, ambacho kwa Kiswahili tungesema ni habari ya maongezi mema na ujirani mwema.

Alieleza kwamba Wanyakyusa hawakujenga vijiji kwa ukoo bali kwa rika. Wavulana walipofika miaka kumi au kumi na moja walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni ya kijiji. Walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa waliwaleta wake zao palepale. Walipozeeka walizeeka na walewale waliochunga nao ng'ombe utotoni. Kulikuwa na neno lake, ukwangala, yaani kule kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, mkila, mkinywa, mkizungumza. Mtu aliyezoea kula peke yake alisemwa vibaya, na kusemwa vibaya huko kungeweza kufika mbali hata kwenye uchawi.

Tunaomba msomaji atulie hapo kidogo. Mzee wa wakati ule hakuwategemea wanawe kwa maongezi. Wanawe walikuwa na kijiji chao. Walimlimia, ndiyo, na walimheshimu, lakini wa kumsikiliza jioni na kucheka naye walikuwa ni watu wa umri wake, na walikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Jambo hili halikutokea lenyewe kwa sababu watu wa zamani walikuwa na mioyo mizuri kuliko sisi. Lilipangwa. Nyumba zilipangwa, vyakula vilipangwa, na kila kizazi kulikuwa na sherehe kubwa ya wazee kukabidhi nchi kwa vijana.

Lakini tusidanganyane, akina mama wenzetu. Vijiji vile vilikuwa vya wanaume. Msichana aliolewa mapema, mara nyingi na mtu aliyemzidi sana umri, akaingia katika kijiji cha rika la mume, katikati ya wake wenza na majirani ambao hakukua nao. Shoga zake wa utotoni walitawanyika kila mmoja na kwake. Mume akifa, mjane alirithiwa. Kwa hiyo ukwangala tunaousifu ulikuwa umepikwa na wanawake ambao wao hawakuwa na kijiji cha rika lao. Mmoja wetu, Mnyakyusa, alisema tuliandike hili waziwazi, nasi tumeliandika.

Kwa upande wa Uhehe na Ubena mpangilio ulikuwa tofauti. Kaya zilitawanyika, kila moja na mashamba yake, na mzee alitegemea zaidi watoto na wajukuu, na kilabu cha ulanzi mvua zinaponyesha na mianzi inapotoa.

Vijiji vya rika vilihitaji ardhi, kwa kuwa kila kizazi kilipaswa kupata mahali pake. Kahawa ilipoenea Rungwe, mwenye mibuni hakutaki tena kuhama akamwachia mwingine. Watu walizidi, ardhi ikabana. Monica Wilson aliporudi mwaka 1955 alikuta mambo mengi yamekwisha badilika. Na kabla ya kahawa kumaliza kazi hiyo, vijana walikuwa wameshaanza kuondoka.

WALIOONDOKA NA WALIOBAKI

Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iligunduliwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 maelfu ya vijana wa nyanda hizi walikwenda kuchimba. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo. Wengine walifika mpaka migodi ya Afrika Kusini kwa kuandikishwa na wakala waliyemwita Wenela, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipousimamisha mpango huo muda mfupi baada ya mwaka 1961.

Watu wa Iringa na Njombe walielekea mashariki, kwenye mkonge wa Morogoro na Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Kijana aliaga kwamba anakwenda kutafuta kodi ya kichwa na mahari, atarudi. Wengi walirudi, na blanketi, na baiskeli. Wengine walizamia hukohuko, wakaoa, wakazaa, na mpaka leo unaweza kukutana Tanga na mtu mwenye jina la Kibena asiyejua njia ya kwenda Njombe.

Vitabu vya historia humfuata aliyeondoka. Vinaeleza mshahara wake, kambi yake, chama chake cha wafanyakazi. Aliyebaki haandikwi sana. Bibi wa mmoja wetu, aliyezaliwa Ubena kabla ya vita kuu ya pili, alikuwa akisimulia habari za mama yake. Mama yule alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwenda mkonge. Kila jioni aliweka chakula kidogo pembeni, akakifunika, na asubuhi akawapa kuku. Alifanya hivyo miaka. Siku moja akaacha, na hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza kwa nini ameacha siku ile.

Tunataja habari hii kwa sababu tunawasikia wenzetu wakisema kwamba vijana wa sasa ndio wa kwanza kuwaacha wazee. Mama yule alisubiri katika miaka ya 1940.

Halafu vikaja vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na mpaka mwisho wa 1976 iwe imekamilika. Mahali palipobanana watu tangu zamani, kama sehemu nyingi za Rungwe, hakukuwa na kuhama kwingi. Lakini upande wa Iringa watu wengi walihama kweli kweli, wakaacha makaburi na mianzi yao. Hapa sisi waandishi tulibishana. Mmoja anasema Operesheni Vijiji iliwasaidia wazee, maana waliletwa karibu na zahanati, bomba na majirani, na bibi yake alipata hapo mashoga ambao asingewapata kule porini. Mwingine anasema babu yake alikaa miaka mitano katika kijiji kipya hajapanda mti hata mmoja, na kila jioni alitembea kilomita nyingi kwenda kukaa kwenye kaburi la mkewe, akirudi usiku. Tumeshindwa kuafikiana, na tunadhani wote wawili wanasema kweli.

Miaka hiyohiyo lami na reli zilipita kwetu. TAZARA ilizinduliwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ikipita Makambako na Mbeya. Tulifurahi sana, na tuna haki ya kufurahi, kwani viazi vyetu vilipata soko. Lakini safari iliyokuwa ya wiki ikawa ya siku moja, na sasa hata wasichana wakaondoka. Iringa ikajulikana nchi nzima kwa mabinti wa kazi za ndani, mpaka ikawa mzaha ambao watu wa huko hawaupendi, nasi hatuurudii. Tunaloliangalia ni hili: zamani binti alilala kwa bibi yake. Ndiye aliyechota maji ya bibi, akamfukizia moto, akasikiliza hadithi, akafundwa. Binti alipopanda basi kwenda kulea mtoto wa mtu Dar es Salaam, kitanda chake nyumbani kwa bibi kilibaki wazi.

KULEA MARA MBILI

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wetu hatupendi kuliongea kwenye kikao. UKIMWI ulionekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983, kule Kagera, lakini mikoa yetu ndiyo iliyokuja kuumia kwa muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 nchini, 7 walikuwa na virusi, lakini Mbeya walikuwa kama 14 na Iringa 13. Ule wa 2007 na 2008 Iringa ikafika 16. Mkoa wa Njombe ulipotengwa na Iringa mwaka 2012, ndio ukaanza kuongoza orodha. Dawa za bure za kupunguza makali zilianza kutolewa mwaka 2004, na zimeokoa wengi, wakiwemo wanakikundi wetu waliotupa ruhusa ya kusema hivyo bila majina.

Waliokufa kabla ya hapo walikuwa ni wazazi wa watoto na watoto wa wazee. Bibi aliyetegemea kuletewa kuni akarudi msituni kutafuta kuni. Aliyekuwa amemaliza kulea akaanza upya na vitoto vitatu, vinne. Nani alisema habari za upweke wakati ule? Nyumba zilikuwa na kelele. Mmoja wa wazee wetu, aliyezika watoto watano kati ya saba, alituambia kwamba kilichomuumiza zaidi ni kwamba mashoga zake nao walikuwa katika hali ileile, kila mmoja na wajukuu wake na jembe lake, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtembelea mwenzake. Walikutana misibani tu.

Wajukuu wale sasa ni watu wazima. Wamesoma waliosoma, wamekwenda Tunduma, Dodoma, Dar es Salaam. Bibi amelea mara mbili, na mara mbili ameachwa mlangoni akipunga mkono.

PESA INAFIKA

Hatuwezi kusema watoto wetu ni wabaya. Wengi wanatuma. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kwa mzee wa kijijini ilikuwa ni neema. Lakini tuangalie kilichopungua. Zamani pesa ilikuja na mtu: mwana mwenyewe, au kondakta wa basi, au jirani aliyekuwa anarudi nyumbani. Mtu huyo hawezi kukabidhi bahasha mlangoni akageuka. Atakaribishwa, atakaa, atapewa uji au chai, ataeleza mjini kukoje na nani kaoa. Bibi alipata shilingi mia tano na saa mbili za maongezi. Siku hizi ujumbe unaingia, bibi hajui kusoma, anampelekea wakala, wakala anatoa fedha, amekwisha. Shilingi 50,000 imefika, na mlango haujabishwa hodi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Na nyumba je? Vijana wanajenga. Ukipita Rungwe, Mufindi au Makete utaona nyumba nzuri za bati na madirisha ya vioo, ndani yake kuna kikongwe mmoja anayelala jikoni kwa sababu ndiko kwenye moto, hasa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Vyumba vinne vimefungwa kwa kufuli vikisubiri wageni wa Desemba. Akifa, Coaster mbili zitajaa kutoka Dar es Salaam, turubai litafungwa, ng'ombe atachinjwa. Tumeona msiba ambapo watu walihesabu nauli za waombolezaji wote, zikaonekana zingetosha kumtembelea marehemu kila mwezi kwa miaka mingi. Aliyehesabu alikuwa ni mtoto wake mwenyewe, na alikuwa analia.

Jambo jingine, tulipite haraka kwa kuwa linatisha: kikongwe anayekaa peke yake husemwa. Macho yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni, watu wanaanza kunong'ona. Usukumani wazee wa kike wameuawa kwa maneno kama hayo. Mzee anayetembelewa na watu hasemwi kirahisi.

WENGINE WANAFANYAJE

Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, inazungumzia matibabu, na inasema familia ndiyo msingi wa matunzo yake. Ni sawa, lakini familia yenyewe iko kwenye basi. Zanzibar walikwenda hatua moja mbele: tangu Aprili 2016 walianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwetu huku, aliyelima maisha yake yote kwa kawaida hana pensheni.

Wala msidhani ni shida ya maskini tu. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2025 likisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba unachangia vifo kama vile magonjwa yanavyochangia. Habari iliyotufurahisha zaidi imetoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, hakuwa na wauguzi wala vyumba, basi akawafundisha mabibi 14 wa Mbare, mjini Harare, wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye huzuni. Likaitwa benchi la urafiki, na likasaidia kweli, limepimwa na wataalamu. Tazama hapo: mabibi wenyewe ndio waliokuwa dawa. Hawakuwekwa foleni ya kusaidiwa, walipewa kazi.

TULICHOFANYA SISI

Tulirekebisha katiba Januari 2019, baada ya vikao vitatu vya ugomvi. Kifungu kipya kinasema kwamba mwanachama aliyefikisha miaka 60 asiyeweza kununua hisa anabaki kuwa mwanachama wa kikao. Hakopi, hapati gawio, lakini anakaa, anasema, anakula tunachokula, na mfuko wa jamii unamhusu kama mwingine yeyote.

Waliopinga walikuwa na hoja. Walisema kikundi ni cha akiba, si nyumba ya kutunzia wazee, na kwamba mfuko wa jamii unajazwa na akina mama wadogo wenye watoto shuleni, watakaoutumia ni wengine. Wawili walihama kwa sababu hiyo. Hatuwalaumu. Hata leo mwaka unapofungwa na gawio likiwa dogo, hoja hiyo hurudi.

Tulimfuata yule bibi tukamweleza. Akakataa. "Mimi si ombaomba, sikai bure mahali," alisema. Tukarudi tumeinamisha vichwa mara ya pili. Ndipo mmoja wa Wakinga, ambao hawakosi jibu kwenye biashara, akasema: mpeni ufunguo. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, kikao hakiwezi kufunguliwa hata mmoja akikosekana. Tukampa ufunguo wa kufuli la kati. Kuanzia siku hiyo hakukosa Jumatano hata moja. Akiumwa alitutumia mjukuu na ufunguo, na baada ya kikao ilibidi watu wawili waurudishe na kumweleza kila kitu: nani kakopa, nani kapigwa faini, nani kasema nini. Alifariki mwaka 2022. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga, akamwonyesha mjukuu wake aulete.

Tulipopeleka katiba kwa ajili ya usajili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tuliulizwa hawa wasio na hisa wana kazi gani. Tukasema ndio wenye funguo. Ilikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli kwa funguo zote tatu.

Kuhusu wazee wanaume hatuna la kujisifia. Mjane ana shoga, ana jumuiya, ana jikoni kwake. Mgane akizeeka, kilabu kikimkataa kwa sababu hana hela ya kununua lita, hukaa kwenye kiti nje ya nyumba mpaka jua lizame. Tuliwaalika waume na baba zetu kikao kimoja mwaka 2021, wakaja, wakakaa upande wao, hawakusema kitu, na hawakurudi. Pengine tulikosea kuwaita kwenye mambo ya hisa. Pengine bao lingefaa zaidi.

Waanzilishi watano wa kikundi hiki wamevuka miaka 60, na mmoja wa waandishi wa ukurasa huu atavuka mwakani. Ndiyo maana kifungu kile kilipopigiwa kura ya kukifuta mwezi Machi, tulikitetea kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyoruhusu. Kilibaki kwa kura mbili.

Zamu za kutembelea wazee zimeandikwa nyuma ya daftari la mahudhurio. Kwa sasa wazee wa kikao ni sita. Watano wako hapa na Igawilo. Wa sita mwanawe alimchukua mwaka jana kwenda kukaa naye Iringa mjini. Amepewa chumba chake, godoro zuri, televisheni. Watoto wanakwenda shule, baba na mama wanakwenda kazini, geti linafungwa. Kila Jumatano saa tisa, tunapofungua sanduku, anapiga simu kwa katibu kuuliza nani amechelewa leo. Simu yake tunaiweka mezani, katikati, kwa sauti ya juu, na wenzake wa Iringa wanaanza kumwambia kamwene. Nauli ya kwenda kumwona kwa watu wawili, kwenda na kurudi, haijapatikana katika mfuko wa mwezi huu. Katibu anaomba wenye nafasi waandike majina yao kabla ya kikao kijacho.